Kipepeo wa Romualda

“Mume na mke nikiwaona nawajua, mabwana. Hata wakiwa na mabawa!”

Maneno hayo aliyatoa Jabez Hollick kwa kinywa chake mwenyewe, amesimama wima, kidole gumba kakitundika kwenye mfuko wa kizibao, mbele ya ukumbi mzima wa Chama cha Wadudu, London. Na ukumbi ulicheka. Watu wazima wenye ndevu za kufagilia, waliotoka majumbani kwao kwenye mvua ili waje kujadili miguu ya mende, walicheka mpaka miwani ikawatoka puani.

Aliyechekwa alikuwa mchungaji mmoja mzee kutoka mashamba huko, ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza swali. Yule kipepeo wa buluu wa Bwana Hollick, alisema mchungaji, mbona wote waliopatikana ni madume? Na yule wa kahawia, mbona wote ni majike? Isije ikawa hawa si aina mbili, ni mtu na mkewe.

Swali zuri. Ndiyo maana lilijibiwa kwa mzaha.

“Madume ya yule wa kahawia yanakaa vileleni mwa miti,” Hollick aliongeza, akiona watu wanampenda, “mahali ambapo mchungaji hawezi kupanda na joho lake.”

Kicheko cha pili. Mchungaji akakaa, akajifanya anatafuta leso.

Kilichowanogesha zaidi ni kwamba msemaji mwenyewe alikuwa kapera. Ndivyo walivyojua. Mtu wa miaka arobaini na kitu, uso umeungua jua la Amazoni ukawa kama ngozi ya kiatu, hana pete, hana mtoto, hana hata paka, halafu eti anajua mume na mke. Walimpigia makofi. Usiku ule Hollick alirudi kwake kwa miguu, peke yake, na kicheko kilimwishia kabla hajafika kona ya kwanza.

Jabez alizaliwa Nottingham, mtoto wa mfuma soksi, naye akatiwa kwenye kazi ya lesi akiwa hajaota ndevu. Siku sita za wiki alitazama nyuzi. Ya saba, wenzake wakiwa kanisani au baa, yeye alikuwa kwenye vichaka akigeuza mawe. Mama yake aliona aibu kuliko kama angekuwa mlevi, maana mlevi angalau ana wenzake. Akasoma vitabu vya safari, vya mabwana waliokwenda mbali wakarudi na masanduku ya wadudu na hadithi za mamba, akaona kumbe haya mambo yanalisha mtu. Akaweka akiba, akanunua wavu, akapanda meli kwenda Amazoni.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Wewe unakaa msituni unaumwa na mbu, unakamata, unakausha, unafunga, unatuma sanduku. London kuna wakala. Wa Hollick aliitwa Crale, mtu mfupi mwenye sauti ya mnada hata akiomba chumvi. Crale anafungua sanduku, anauza kipepeo mmoja mmoja kwa makumbusho, kwa madaktari, kwa malodi wasio na kazi. Lakini jozi ya kwanza ya kila aina haiuzwi. Hiyo ni ya mkusanyaji mwenyewe. Anaiweka kwenye droo yake mpaka afe, na mtu anayeuza droo yake mwenyewe wenzake humtazama kama mtu aliyeuza meno ya mama yake.

Ukipata mdudu ambaye hakuna aliyewahi kumwandika, unamwandika wewe, unampa jina. Si lako, huo ni ushamba. Unampa la mtu unayemheshimu au la mtu anayekulipa, na Mungu akikupenda huyo ni mtu mmoja. Na jina likishachapwa limechapwa. Ikigundulika baadaye kwamba mdudu mmoja amepewa majina mawili, linabaki lililochapwa mbele. La nyuma linakufa. Hakuna rufaa.

Kisha unarudi, unaandika kitabu cha safari. Kitabu cha Hollick kiliuzika, tena kwa msaada wa mchapishaji wake, ambaye alikuwa na ushauri mmoja tu maishani: “Ongeza chui.” Yule chui wa sura ya saba, anayemrukia Hollick kutoka kwenye tawi, ukweli ni kwamba alipiga chafya ng’ambo ya mto akaenda zake. Kitabuni anaruka.

Na kitabuni humohumo yumo “mpishi wangu, mwenyeji wa kijiji.” Anatokea mahali patatu. Mara ya kwanza anaunguza samaki. Mara ya pili anaogopa radi. Mara ya tatu anabeba maji. Baada ya hapo hatokei tena, na hakuna msomaji aliyeuliza kaenda wapi.

Huyo alikuwa mkewe.

Jina lake Romualda. Alikuwa mjane, mfua nguo, ana ulimi. Siku ya kwanza kumwona Hollick anakimbia uchi wa kifua nyuma ya kipepeo, alimwuliza kama kwao njaa imefika huko. Baadaye alimpikia. Baadaye zaidi alihamia. Padri aliyepita kijijini mara moja kwa mwaka aliwafungisha ndoa asubuhi moja, kati ya ubatizo wa watoto na ugomvi wa mbuzi, na Hollick, mtoto wa kanisa la Kiprotestanti la Nottingham, alipiga magoti huku akimwomba Mungu mama yake asisikie. Mama yake hakusikia. Hollick alihakikisha hilo kwa miaka yote.

Samaki hakuunguza hata mmoja. Radi alikuwa anaitukana.

Kazi ya vipepeo alijifunza kwa kumtazama, akaishia kumshinda mkono. Kipepeo akishakufa unamfunga mabawa pamoja, unamtia kwenye karatasi iliyokunjwa pembetatu, ili asafiri bila kuvunjika. Kila mkusanyaji ana mkunjo wake. Romualda alikunja kama alivyokunja tumbaku ya marehemu mume wake wa kwanza, pembe ya mwisho anaisokota mara mbili. Walikaa barazani wanakunja, yeye akimcheka.

“Wewe Bwana Wavu, unawaua kwanza halafu ndiyo unawapa majina. Padri wetu huanza na jina.”

“Padri wenu hawatumi London.”

“Na hao malodi wakishampata wanamfanyaje?”

“Wanamtazama.”

“Wanamtazama tu?” Akatikisa kichwa. “Maskini. Hawana hata dirisha?”

Mwaka wa nane homa ikamchukua Romualda, kwa siku nne. Walimzika ukingoni, mahali pakavu. Mvua za mwaka uliofuata mto ukapanda, ukala ukingo mzima, ukala na kaburi. Hollick alisimama asubuhi akatazama maji ya kahawia yanapita pale alipokuwa mkewe, hakuona hata pa kuweka ua.

Hivyo aliporudi Uingereza akakaa kuandika wadudu wake wapya, alikuwa na vipepeo wawili mbele yake wenye kufanana mishipa ya mabawa na kutofautiana rangi. Wa buluu, mzuri wa kuliza. Wa kahawia, wa kawaida kama bahasha. Wa kahawia alikamatwa kwanza, na aliyemkamata ni Romualda, kwa kofia, kwenye jiwe la kufulia. Hollick aliona kwamba wa buluu wote ni madume na wa kahawia wote ni majike. Hakuwa kipofu. Lakini alikuwa na Lodi Wexcombe, aliyegharamia picha ya rangi na kutaka jina lake lipambe kitu kinachong’aa. Na alikuwa na marehemu asiye na kaburi. Watu wawili wa kuheshimiwa. Ingefaa sana wawe vipepeo wawili. Basi wakawa wawili.

Ukurasa wa kwanza, kwa kuwa mwenye kulipa hukaa mbele: kipepeo wa Wexcombe. Ukurasa wa pili: kipepeo wa Romualda. Watu walipouliza Romualda ni nani, Hollick alijibu ni mtakatifu fulani wa kule. Na jina hilo ndilo lilikuwa jambo lake moja la kweli katika Uingereza nzima, neno moja la Kilatini chini ya pini.

Alipanga vyumba viwili Kentish Town, kwa Mama Pargeter, mjane wa baharia. Mama Pargeter alikuwa mwema, mwenye kelele, na aliamini ugonjwa wote unatokana na madirisha. Hollick alikula mezani kwake peke yake, nyama ya kondoo iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa. Alhamisi ilikuwa siku ya chembe za wanga wa muhogo zilizopikwa kwa maziwa na sukari, kitu ambacho Waingereza huwapa watoto na wagonjwa. Hollick alikula hiyo amefumba macho. Mama Pargeter alidhani anasali.

Siku nyingine alisahau akazungumza na jiko la makaa kwa lugha ya mtoni. Jiko halikujibu.

Chini ya kitanda palikuwa na debe. Ndani yake vifurushi vya mwisho vya Romualda, vya wiki ile kabla ya homa, pembe zimesokotwa mara mbili. Droo zote nyingine alikuwa amezipanga, amezibandika, ameziandika. Debe hilo hakuwahi kulifungua. Kila mwaka alijiambia mwaka huu. Kulikuwa na kitu alichokuwa hajamaliza na Romualda, na alitaka kiendelee kutokwisha.

Aliyefanya debe lifunguliwe, ukitazama vizuri, ni Mama Pargeter.

“Bwana Hollick,” alisema asubuhi moja mlangoni, miaka kadhaa baada ya kile kicheko, ufagio mkononi kama bunduki, “kuna vidudu vinatembea kwenye zulia langu.”

“Vidudu gani, Mama Pargeter?”

“Mimi nitajuaje? Wewe ndiye bingwa. Ninachojua vya kwako vimekufa. Sasa hivi vinavyotembea ni vya nani?”

Hollick alipiga magoti akatazama. Vilikuwa vile vidogo vya manyoya ambavyo kila mkusanyaji huviota akiwa na homa, vidudu vinavyokula wadudu waliokaushwa. Vikiingia kwenye droo, unafungua siku moja unakuta safu ya pini na vumbi chini yake. Alivifuata kwa kutambaa, Mama Pargeter akimfuata nyuma akisema hajawahi kuona mpangaji wa namna hii, mpaka chini ya kitanda. Vilitoka kwenye debe.

Hollick alilifungua mchana uleule, hakuwa na hiari tena. Kafuri ya kufukuzia vidudu ilikuwa imekwisha nguvu siku nyingi. Karatasi ya kwanza, vumbi. Ya pili, vumbi na bawa moja. Ya tatu, ya nne, vumbi. Kila moja aliifungua taratibu, kwanza ule msokoto wa mara mbili, kama mtu anayefungua kifungo cha nguo ya mgonjwa. Aliendelea hivyo mpaka sakafuni pakawa na karatasi tupu nyingi zenye mikunjo ya Romualda. Moja tu, ya chini kabisa, ilikuwa nzima.

Kipepeo mmoja, mabawa yamefumbwa pamoja. Kwa nje hana la kusema. Upande wa chini wa mabawa buluu na kahawia wanafanana, rangi ya jani kavu. Hollick hakujua ni yupi. Mkavu vile huwezi kumkunjua, atakatika kama biskuti. Unamweka kwanza juu ya mchanga wenye unyevu, unamfunika, unamwacha mpaka kesho alainike.

“Hilo ni bakuli langu la pudingi,” alisema Mama Pargeter.

“Nitalirudisha.”

“Umelitia mchanga.”

“Mchanga safi, Mama Pargeter. Nimeuchemsha.”

“Marehemu mume wangu alizunguka dunia mara tano,” alisema akishuka ngazi, “na hakuwahi kuchemsha mchanga.”

Kesho yake baada ya chakula alimtoa. Alimchoma pini katikati ya kifua, akamweka kwenye ubao wenye mfereji, akashusha bawa la kushoto kwa ncha ya sindano. Likafunguka buluu. Buluu ile ya kuliza, kama jicho limefumbuliwa. Haya, akasema moyoni, wewe ni dume la Lodi. Akashusha la kulia.

Kahawia.

Aliondoa mkono. Akaenda dirishani, akarudi. Kushoto buluu, kulia kahawia, mstari umepita katikati ya mwili kama umekatwa kwa kisu: nusu dume, nusu jike, kipepeo mmoja. Hutokea. Mmoja kwa maelfu, msituni, hutokea. Mtu anaweza kukusanya maisha yake yote asimwone. Na Romualda alimkamata, akamkunja, akasokota pembe, akaugua.

Alielewa kabla hajataka kuelewa. Hawawezi kuwa aina mbili na wakakaa kwenye mwili mmoja. Buluu ni mume, kahawia ni mke. Mchungaji alikuwa sahihi. Kipepeo mmoja, majina mawili, na lililochapwa mbele ni la Wexcombe. Ushahidi wa kuliua jina la Romualda ulikuwa umekamatwa na Romualda.

Nje ukungu wa makaa ulikuwa umeshuka, taa zimewashwa mchana. Hollick alikaa na koti lake, akatazama ubao. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Hilo ndilo lililomgonga kuliko yote: habari kubwa kuliko zote za maisha yake, na mtu pekee ambaye angeielewa, akaicheka, akamwita Bwana Wavu, yuko majini.

Crale alifika siku iliyofuata kuulizia masanduku. Hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alipoona ubao alikaa bila kuambiwa.

“Mama yangu,” alisema. Halafu sauti ikamrudia. “Jabez! Nusu kwa nusu! Unajua Wexcombe atatoa nini kwa huyu? Atauza farasi! Atamuuza shangazi yake!”

“Hauzwi.”

“Kila kitu kinauzwa, ndugu yangu, hilo ndilo kanisa langu.”

“Huyu wa droo yangu.”

Crale alimtazama, akamtazama kipepeo, na macho yake yakapungua upana. Hakuwa mjinga. “Ngoja kwanza. Huyu upande mmoja ni wa Lodi na upande mwingine ni yule mtakatifu wako.”

“Ndiyo.”

“Basi mtakatifu ni mke wa Lodi.”

“Ndiyo, Crale.”

“Na ulimcheka mchungaji. Mbele ya watu. ‘Hata wakiwa na mabawa!’” Aliigiza kidole gumba kwenye kizibao. “Nilikuwepo, nilicheka mpaka nikabanwa na mbavu. Haya, sikiliza ushauri wa rafiki. Nina droo nzima ya wale wa kahawia dukani. Nawauza bei ya aina adimu, pauni mbili mmoja, kwa sababu ni aina adimu. Siku utakayosema ni jike tu la buluu, nani ataninunulia? Majike ya vipepeo, Jabez! Nani anaweka sebuleni? Nani mwingine amemwona huyu?”

“Mama Pargeter. Na yeye anachotaka ni bakuli lake.”

“Basi Mungu ametusaidia. Mweke chini ya droo. Ufe naye. Unaokoa heshima yako, unaniokoa mimi, na huyo mtakatifu anabaki na jina. Nani anaumia?”

Na hapo Crale, bila kujua, alikuwa amesema kila kitu ambacho Hollick alikuwa amejiambia usiku kucha. Nani anaumia? Mchungaji ameshasahau. Lodi hasomi. Akinyamaza, jina linabaki. Ni kunyamaza tu, na kunyamaza Hollick alikuwa fundi.

Crale alipoondoka, Mama Pargeter aliingia na chai, akainamia ubao.

“Huyu kavaa nguo za watu wawili,” alisema. Kisha akasoma kibandiko kwenye droo iliyokuwa wazi, herufi kwa herufi. “Ro-mu-al-da. Nani huyo?”

Hollick alifungua mdomo aseme mtakatifu wa kule.

“Mke wangu,” alisema.

Mama Pargeter aliweka birika chini. Miaka yote hajawahi kukaa kwenye chumba cha mpangaji, leo alikaa. Hollick alingoja maswali yale: wa rangi gani, wa dini gani, mama yako alijua.

“Alikuwa anapika nini?” aliuliza Mama Pargeter.

“Kasa wa mtoni. Anamkaanga kwenye gamba lake mwenyewe. Na unga wa muhogo.” Akaligusa bakuli la pudingi. “Zile chembe zako za Alhamisi, Mama Pargeter. Ni muhogo uleule.”

“Ooh,” alisema yeye, polepole. “Kumbe ulikuwa husali.”

“Sikuwa nasali.”

Akamweleza mengine. Kofia, jiwe la kufulia, ukingo ulioliwa. Akamweleza na kitabu, mpishi wa samaki walioungua. Mama Pargeter alikisoma kitabu kile, alipenda chui.

“Kwa hiyo ulimficha,” alisema.

“Nilimwandika mpishi.”

“Ndiyo, mpenzi. Nimesikia.” Akainuka, akachukua bakuli lake, akamwaga mchanga kwenye ndoo ya makaa. “Chai inapoa.”

Hollick hakunywa chai. Neno lile lilibaki chumbani baada ya mwenyewe kushuka. Alikuwa amemficha kwa mama yake, akamficha kwa wasomaji, akamficha kwa wale wenye ndevu. Alichokuwa akikilinda kwa kunyamaza ni jina lililokaa juu ya kosa, kosa alilolifanya yeye, kwa mdudu aliyempa mkewe kwa kuwa hana rangi ya kumfaa Lodi. Na huyu aliye mezani, wa ajabu kuliko wote aliowahi kuleta, ndiye wa Romualda kweli, wa mikono yake. Akimtia chini ya droo atakuwa amemficha mkewe tena, safari hii pamoja na kazi yake nzuri kuliko zote.

Mkutano uliofuata wa Chama cha Wadudu alisimama. Hakutundika kidole popote.

“Nilikosea,” alisema. “Wale si aina mbili. Ni mume na mke.”

Akapitisha ubao mkono kwa mkono. Ukumbi ulivuma kama mzinga. Mchungaji alikuwepo, mstari wa mbele, lakini masikio yalikuwa yamekwisha nguvu.

“Anasemaje?” alimwuliza jirani yake.

“ANASEMA ULIKUWA SAHIHI!”

“Kuhusu nini?”

“VIPEPEO!”

“Vipepeo?” Mchungaji alifikiri, akatabasamu kwa adabu. “Mimi siku hizi nakusanya konokono.”

Watu walicheka kidogo. Hollick hakukaa. Kuna desturi kwamba mwenye kuonyesha mdudu anataja aliyemkamata, mahali na mwezi. Alitaja mto. Alitaja mwezi.

“Alikamatwa na mke wangu,” alisema. “Romualda. Yule wa kahawia alikuwa na jina lake. Alikufa kule. Hakuwa mpishi.”

Watu wakawa kama waliokanyaga kitu na hawataki kutazama chini. Mwenyekiti alikohoa. Alisema chama kinamshukuru Bwana Hollick kwa moyo wake wa kweli katika sayansi. Kisha akauliza kama kuna swali, na maswali yalikuwa mengi, moto kabisa, yote juu ya kipepeo. Mstari umepita wapi hasa? Vipapasio je, vya upande upi ni vinene? Bwana mmoja alitaka kujua kama kafuri ilikuwa ya Japani. Mtu wa kuuliza habari ya mke hakutokea. Kwenye ngazi, wakivaa makoti, walimpisha kwa heshima kubwa sana, kama wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa wa ngozi, na akarudi kwa miguu Kentish Town huku mvua ikinyesha.

Alimwandikia mchapishaji kwamba toleo la pili la kitabu lisomeke “mke wangu” kila palipo na “mpishi wangu.” Mchapishaji alijibu kwa upole kwamba kitabu kinasomwa na mabinti sebuleni, kwamba mapenzi ya mtoni yatamharibia soko, na kwamba kama ana chui mwingine nafasi ipo.

Taarifa ya mkutano ilichapwa mwezi uliofuata. Walimsifu. Walieleza mabawa kwa marefu, na mwisho, kwa herufi ndogo, walisema kipepeo huyo alikamatwa na mwanamke mwenyeji aliyekuwa katika utumishi wa Bwana Hollick. Jina la ukurasa wa pili lilifutwa rasmi, likabaki la Wexcombe peke yake, naye Lodi akatuma salamu na pakacha la peasi.

Yule wa nusu kwa nusu alibaki kwenye droo. Chini ya pini Hollick aliandika neno moja, lile jina lililofutwa, kwa mkono wake, mahali ambapo hakuna atakayesoma mpaka yeye mwenyewe afe. Alhamisi ilipofika Mama Pargeter alileta mabakuli mawili badala ya moja, akakaa, wakala bila kusema mengi. Ijumaa Hollick alikula peke yake.

Kabla ya Krismasi Crale alitoa bei mpya za duka. Kipepeo wa Wexcombe, wa buluu, dume: pauni moja na nusu. Jike lake, wa kahawia: shilingi moja.